Alifika Mbele Yangu

Duka langu huchonga funguo, hutuma vifurushi,
hupiga picha za pasipoti kwenye ukuta mweupe
uliochubuka pale vichwa vinapoegemea.
Muhuri wa kuthibitisha saini naufungia sandukuni,
sheria ya Kalifonia inataka hivyo,
na mimi, Socorro, sibishani na sheria
kwa dola kumi na tano.

Bi Arshaluys alikuja Februari, ukungu wa Fresno
bado umelala juu ya mashamba ya lozi.
Akatoa ndani ya mfuko wa mkate
hati ya uwakala: kaka yake Hrachik, aliyebaki Gyumri,
auze nyumba ya baba yao.
Kitambulisho. Akanipa.
Saini. Akatia taratibu, kama anayeshona kifungo.
Kidole gumba.
Miaka thelathini ya kuchambua zabibu kavu kiwandani
imekula mistari yote;
daftari langu likapata doa tu, umbo la kokwa.

Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wote:
sithibitishi yaliyoandikwa.
Hati ikisema nyumba ni ya dhahabu, shauri yake.
Naapa jambo moja, kwamba mtu huyu alifika mbele yangu
na mkono uliotia saini ni wake.
Kisha Sakramento wataapa kwamba mimi ni mimi.
Kisha Armenia wataiamini Sakramento.
Akacheka. "Kwa hiyo nyumba yenyewe
hakuna anayeitolea ushahidi?"
Hakuna, mama.

Siku ya kumi na moja bahasha ikarudi,
karatasi ya manjano imebanwa kwa pini:
saini ya mthibitishaji haifanani na iliyomo kwenye faili.
Saini yangu! Niliyoitia siku ya kiapo,
kabla mashine ya funguo haijaning'ata kidole.
Usiku ule niliketi jikoni na kalamu,
S yenye kitambi, r mbili zilizoshikana mabega,
nikajighushi mwenyewe, kurasa tatu.

Akaja tena. Akatia tena. Sikumtoza.
Posta sikuiamini; nikafunga duka,
tukashika barabara ya 99,
Madera, Merced, Modesto,
milozi inaanza kupasua maua,
naye akihesabu vyumba kwa vidole:
cha tanuri, cha bibi,
kile kilichoanguka siku ya tetemeko.
"Na hicho kinauzwa?"
"Watanunua hewa yake," akasema,
akafungua kioo kidogo.

Dirishani, kijana mwenye ndevu changa
akaweka saini yangu kando ya saini yangu,
akatazama huku, akatazama huko,
nami nimesimama kama mwizi kwenye gwaride la utambulisho.
Kisha akagonga.
Cheti kimoja, mistari kumi yenye namba,
jina la Kifaransa lililotushinda sote wawili, apostili,
na chini, kwa herufi za kuchungulia:
hakithibitishi yaliyomo.
Bi Arshaluys akapapasa
pale muhuri ulipoinua ngozi ya karatasi,
kama anayepima homa ya mtoto.

Nyumba ikauzwa Mei.

Juni akarudi na ufunguo,
mrefu kama kijiko, meno mawili, kutu shingoni.
"Nichongee mwingine. Wajukuu wawili, ufunguo mmoja."
Nikapekua ndoana zote ukutani:
sina chuma kinachoukubali.
Mashine yangu inajua milango ya hapa tu.

Hakuondoka.
Nyuma yake mtu akakohoa, ameshika kifurushi.

Nikafungua sanduku. Muhuri nikauacha ndani,
nikatoa daftari, nikaandika tarehe, saa,
na penye aina ya hati: ufunguo.
Nikamsogezea wino.
Akabonyeza. Doa lilelile, kokwa ileile.
Penye safu ya ada nikapiga mstari.